chanzo cha msingi (historia)

nm. [ki-/vi-] Ushahidi uliotoka katika wakati unaochunguzwa: barua, sarafu, magofu, simulizi la shahidi. Kinyume: chanzo cha upili.

Matumizi: Orodha hiyo hupotosha ikikaririwa tu, kwani sifa hii hufuata swali linaloulizwa, si umri wa maandishi. Kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552 ni chanzo cha upili kuhusu kuasisiwa kwa Kilwa, lakini ni cha msingi kuhusu jinsi Wareno walivyousimulia mji huo. Wala "msingi" si "kweli". Ibn Battuta aliifikia Kilwa mwaka 1331. Hata hivyo, masimulizi yake yaliandikwa kwa imla na Ibn Juzayy, huko Moroko, zaidi ya miaka 20 baadaye.