Maana ya Nguvu ya Kukimbia Kitovu

Istilahi za elimu aghalabu huishi kuliko fikira zilizozizaa. Mfano mmoja ni ile nguvu ambayo Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, aliipa jina la Kilatini vis centrifuga katika mwaka 1659, yaani nguvu ikimbiayo kitovu. Huygens alimfikiria mtu aliyefungwa ukingoni mwa gurudumu lizungukalo, naye ameshika uzi wenye tufe la risasi. Mtu huyo huuona uzi ukivutika kwa nje, kana kwamba tufe lina uzito wa kuelekea huko. Huygens aliipima nguvu hiyo, akaona kwamba katika duara lile lile kasi ikizidi maradufu, nguvu huwa mara nne. Kanuni zake alizitangaza katika mwaka 1673, bali uthibitisho wake haukupigwa chapa hata mwaka 1703, miaka minane baada ya kufa kwake.

Walakini, atazamaye hali amesimama chini huona jambo jingine. Uzi ukikatika, tufe halikikimbii kitovu. Hushika njia iliyonyoka, ipitayo ubavuni mwa duara, kama jiwe litokalo katika kombeo. Basi jambo lililohitaji kuelezwa si kwa nini tufe hutaka kutoka, ila kwa nini halitoki. Isaac Newton, katika kitabu chake Principia cha mwaka 1687, aligeuza swali hivyo, akatumia jina alilolibuni, vis centripeta, nguvu iendeayo kitovu, kwa kufuata mfano wa jina la Huygens.

Kiswahili huitenga mielekeo hiyo miwili kwa silabi moja tu: akikimbiaye kitovu hukiepuka, akikimbiliaye hukiendea. Ulinganifu huo wapendeza, lakini una hatari, kwa kuwa vitenzi vyote viwili hulipa jiwe hiari. Jiwe halikimbii wala halikimbilii, huvutwa. Kwa nguvu ya Newton, kauli ya kutendwa ndiyo ifaayo.

Nguvu ya Huygens nayo haikutupwa. Huingia katika hesabu ya kila apimaye akiwa juu ya kitu kizungukacho, hata dunia yenyewe, ambayo mzunguko wake huvipunguzia vitu uzito kidogo kwenye Ikweta. Kwa hiyo mwenye kuunda istilahi hana budi kuuliza kwanza mtazamaji yuko wapi: juu ya gurudumu, au kando yake.