Nani Anashika Nauli ya Nyegezi?

Kijana anayeshuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, kwa mara ya kwanza, akitokea Tabora, Kahama au Sengerema, anaingia katika mji ambao nauli zake zimo vinywani zaidi kuliko ukutani. Tangazo la LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, lipo, ndiyo, lakini anayemdai fedha ni konda aliyening'inia mlangoni, na bishano lolote litasikilizwa na gari zima. Kwa sababu hiyo, kila inapozungumzwa habari ya kadi ya kujaza fedha na kugusisha unapopanda, watu hudhani kinachozungumziwa ni mashine: Mwanza inunue vifaa, ifunge mtandao, mambo yaende. Historia ya usafiri wa ufukwe huu wa Ziwa Victoria inasema jambo jingine. Umbo la tiketi hapa liliamuliwa siku zote na mtu aliyeshika mapato ya siku. Nauli ilipoingia katika kasha moja, tiketi ilikuwapo na bei iliandikwa juu yake. Nauli ilipobaki mkononi mwa mtu aliyelikodi gari kwa siku, tiketi ilitoweka. Kadi itafuata njia hiyo hiyo, na mgeni ndiye atakayeumia au kunufaika kuliko wenyeji.

Tuanze na reli, iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Tiketi ya kadi ngumu, ndogo kuliko kiganja, yenye namba na bei iliyochapwa, ilibuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830, ikasambaa duniani pamoja na mataruma ya reli. Haikubuniwa kwa kumhurumia abiria. Ilibuniwa ili kampuni iweze kumdhibiti karani wake: kila tiketi ina namba, namba zinafuatana, na jioni fedha lazima zilingane na tiketi zilizotoka. Abiria alifaidi pembeni tu, kwa kuwa bei iliyoandikwa kwa ajili ya kumbana karani ilimlinda pia mtu asiyejua lugha ya mji wala urefu wa safari. Utaratibu huo wa reli ulihamia ziwani, kwa sababu kwa miongo mingi waliokuwa wakiendesha treni ndio waliokuwa wakiendesha meli. Mkulima wa pamba aliyekwenda Bukoba na mwalimu aliyehamishiwa Musoma walilipa dirishani, kwa bei ambayo mkata tiketi hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Tusiupambe utaratibu ule. Ulikuwa wa madaraja, na wakati wa ukoloni madaraja hayo yalifuata rangi ya ngozi. Hata hivyo ulikuwa na kitu ambacho daladala ya leo, ile Hiace, haina, nacho ni mwajiri anayetaka kujua abiria walikuwa wangapi.

Ziwa lenyewe limeonyesha kinachotokea pale ambapo hakuna anayetaka kujua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, si mbali na Mwanza, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 430. Orodha ya majina iliwahusu wa madaraja ya juu. Daraja la tatu, lenye nauli nafuu na watu wengi, halikuwa na orodha. Waliokufa walizidi 800, na makaburi ya wengi wao yapo Igoma, lakini idadi kamili ya waliopanda imebaki ya kukadiria. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara, ikitokea Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Kwa safari ile nayo ilikuwa vigumu kuthibitisha idadi, kwani wahudumu na vifaa vilizama pamoja na abiria. Kuna msomaji atakayesema kwamba kuileta misiba hii katika mjadala wa nauli ni kuvuta mambo. Sidhani. Tiketi ni risiti ya malipo na wakati huo huo ni ushahidi kwamba mtu fulani alikuwamo, na kwa abiria wa bei ya chini ushahidi huo ndio uliokosekana mara zote. Ukara inatufundisha zaidi ya hapo: hesabu inayokaa ndani ya chombo peke yake haitoshi, sharti ibaki pia nchi kavu. Hili ni jambo ambalo kadi iliyounganishwa na ofisi inalifanya vizuri kuliko kitabu cha tiketi.

Barabarani mambo yalichukua mkondo mwingine. Miaka ya 1970 dola ilijitwika usafiri wa umma: UDA kwa Dar es Salaam, KAMATA kwa safari za mikoani. Uchumi ulipoyumba, mabasi yakakosa vipuri na mafuta, watu wakaning'inia milangoni, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yaliyokuwa tayari yakibeba abiria kwa kificho. Daladala hizo ziliokoa miji, na anayezitukana leo amesahau foleni za wakati ule. Ila zilikuja na mkataba wake, ambao mara nyingi haujaandikwa popote: dereva analichukua gari alfajiri, jioni anapeleka hesabu kwa bosi, anajaza mafuta, na kinachobaki ndicho chake na konda, pamoja na deiwaka aliyewashikia zamu. Mtafiti Matteo Rizzo aliuchambua mfumo huu kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2017, Taken for a Ride, akiangalia Dar es Salaam. Lakini dereva wa Buhongwa au Igoma angejiona humo bila kutafsiriwa. Chini ya hesabu, bosi hana haja ya kujua abiria walikuwa 80 au 180. Anataka kiasi chake kifike. Dereva naye hataki bosi ajue, maana siku njema ikijulikana, hesabu ya kesho itapanda. Tiketi haikufa kwa uzembe. Ilikosa mtu wa kuitaka.

Pengo hilo lilizibwa na kumbukumbu ya konda, na hapa heshima inastahili kutolewa. Ndani ya gari lililojaa, kichwa kimeinama chini ya paa, anajua nani amelipa, nani anadai chenji, nani atashuka Mkuyuni na nani Butimba, na yule mama mwenye ndoo ya dagaa apewe nafasi wapi. Ni ustadi wa kweli. Lakini unamhudumia vyema anayefahamika. Mwenyeji hulipa bila kuuliza, tena hutoa fedha kamili. Mgeni huuliza, na kule kuuliza kwenyewe kunamtambulisha. LATRA ilipotangaza viwango vipya Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Nyegezi ipo takriban kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji, yaani pale pale ambapo kiwango kimoja kinaisha na kingine kinaanza. Aliyefika jana hana namna ya kupima kama chuo chake kipo ndani ya mpaka huo au nje yake.

Na Nyegezi ni mahali pa waliofika jana. Wamisionari wa Afrika walianzisha hapa kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kule Malimbe. Kuna chuo cha uvuvi, kuna seminari, kuna stendi kubwa inayopokea mabasi ya kutoka Shinyanga na kwingineko. Kila mwaka wa masomo unaleta umati mpya wa watu wasiojua nauli, na kila likizo inawaondoa wakiwa wameshaijua. Mji wenye wakazi wasiobadilika unaweza kuishi kwa nauli ya mdomo, kwa kuwa baada ya muda kila mtu anakuwa mwenyeji. Kitongoji cha vyuo hakifiki huko kamwe. Hii ndiyo sababu swali la kadi lina uzito hapa kuliko mtaa wa wavuvi ambako konda na abiria walicheza pamoja utotoni.

Sasa, je, kadi ingefanya kazi? Majirani wamekwisha kutujaribia. Kenya iliagiza mwaka 2014 kwamba matatu, daladala za huko, ziache fedha taslimu. BebaPay ya Google na Benki ya Equity ilikuwa imeingia sokoni mwaka mmoja kabla, na kadi nyingine zikafuata. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na matatu zikiendelea na noti. Mashine zilisoma kadi bila shida. Wahudumu ndio waliozikwepa, kwa kuwa kadi ilimwonyesha mwenye gari kila senti, ilhali mkataba wao ulisimama juu ya kutokumwonyesha, na barabarani bado kulikuwa na mikono inayodai noti. Kigali walianzia upande wa pili. Mwaka 2013 njia za jiji ziligawiwa kwa mikataba kwa kampuni chache, na mwisho wa 2015 ndipo kampuni ya AC Group ikaleta Tap&Go. Kadi ilikuta kasha tayari. Ndivyo ilivyokuwa hata Hong Kong, ambako kadi ya Octopus ya mwaka 1997 ilianzishwa na kampuni za usafiri zenyewe kwa pamoja, zikiwa tayari zinauza tiketi zao. Dar es Salaam inatoa ushahidi wa aina yake: mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kadi zilikuwapo, kisha kwa miaka kadhaa abiria wakarudia kupanga foleni kununua karatasi. Foleni ilikera, lakini bei haikubadilika kwa sura ya mnunuzi. Mgeni alilipa sawa na mzaliwa wa Magomeni. Kwa hiyo kilichomlinda ni dirisha moja la nauli, na kadi ni njia ya kulifupisha dirisha hilo.

Wanaopinga wana hoja zao, na ile inayosikika zaidi ndiyo dhaifu zaidi: kwamba wananchi hawajazoea kulipa kabla ya kupata huduma. Nchi hii imekwangua vocha za simu kwa zaidi ya miaka 20. Imenunua umeme wa LUKU tangu miaka ya 1990, ikiingiza namba ndefu kwenye mita gizani bila kuhitaji semina. M-Pesa ilipofika mwaka 2008, waliokuwa mbele kuizoea walikuwa pamoja na hao hao wanaodhaniwa kuogopa teknolojia. Abiria wa Kigamboni, Dar es Salaam, wameingizwa katika kadi ya malipo ya N-Card kivukoni, na baada ya manung'uniko ya mwanzo wanavuka.

Hoja nzito ni mbili. Kwanza, salio ndani ya kadi ni fedha iliyofungwa. Kibarua wa kiwanda cha samaki anayelipwa kwa siku huenda jioni akawa na shilingi 400 tu, na konda mwenye utu humwambia panda, utanimalizia kesho. Mashine haikopeshi. Mwanafunzi anayerudi kwao Kigoma kwa miezi mitatu anaacha fedha yake ikilala kwenye plastiki. Haya hayafutwi kwa maneno matamu. Kanuni inaweza kuyapunguza, kwa mfano salio lisilokufa, linalorudishwa kwenye simu mtu akitaka, na safari moja ya mkopo inayokatwa kadi inapojazwa. Kitakachopotea bado kitapotea, yaani ule wema wa mtu kwa mtu. Lakini wema huo huo una mgongo wake: anayeweza kukupunguzia kwa kukuona mnyonge anaweza kukuongezea kwa kukuona mgeni, na hakuna pa kukata rufaa.

Pili, ajira ya konda. Hapa sioni faida ya kuficha: mahali kadi iliposhika, kazi ya kukusanya nauli ilipungua au kwisha. Njia ya haki ni kubadili mkataba kabla ya kubadili malipo. Dereva na konda wakilipwa mshahara na kampuni au ushirika unaoshika ruti, konda anabaki na kazi zake nyingine, za kupakia, kuelekeza na kusaidia wazee, na hana sababu ya kuichukia mashine. Wakiachwa kwenye hesabu ya bosi na kupewa mashine, wataiharibu, na mimi ningewaelewa.

Mwanza haina haja ya kuanza na Hiace. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea tiketi ya kivuko wasafiri wa Sengerema na Geita waendao Nyegezi, lakini vivuko vya kwenda Ukerewe, Ukara na visiwa vingine bado vinabeba watu, na vyote vina mwendeshaji mmoja mmoja anayejulikana, gati na dirisha. Huko kasha lipo tayari, na huko ziwani ndiko idadi ya waliopanda ilikokosekana mwaka 1996 na 2018. Kadi ikianza kwenye gati, kisha ikafika stendi ambako mabasi ya mikoani yana ofisi za kukatia tiketi, daladala zitabaki za mwisho. Kabla ya hapo lazima Halmashauri, LATRA na wenye magari wakubaliane ruti ya Nyegezi apewe nani, kwa mshahara upi kwa wanaoiendesha.