Santuri ya Kioo Haina Pacha

Wasee, Muindi Mbingu mnamjua, hata kama ni kwa ile barabara ya tao tu. 1938 aliongoza umati wa Wakamba hadi Nairobi kupinga serikali kuchukua ng'ombe zao kwa lazima. Jina tunalo. Lakini sauti za kizazi chake, za Kitui na Makueni, tunazo ngapi?

Redio ilianza Kenya 1928, kwa Kiingereza, ya walowezi. 1953 ikaja African Broadcasting Services, na Kikamba kikawa kati ya lugha zake. Kwa hivyo sauti ya Kikamba ya kabla ya hapo ni dhahabu.

Enzi hizo, kabla tepu haijaenea, sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya alumini iliyopakwa vanishi nyeusi. Vita vya Pili vya Dunia vikafika, alumini ikaenda kuunda ndege, na viwanda vikapaka vanishi ileile juu ya kioo. Ile 45 ya Kilimambogo Brothers iliyo ocha ilitolewa nakala nyingi. Hii ya kioo mara nyingi ni moja tu duniani. Ikivunjika, imeenda.

Utaijuaje? Chungulia ukingo wa tundu la katikati, uone kama chini ya weusi kuna kioo. Pale vanishi imebambuka, tochi itapenya. Lebo nayo mara nyingi imeandikwa kwa mkono au taipu. Usiigonge kusikia mlio!

Ukiona unga mweupe juu yake, si vumbi. Ni mafuta ya mbarika yaliyochanganywa kwenye vanishi, yameoza na kutoka nje. Vanishi inasinyaa, kioo hakisinyai, basi inapasuka na kubanduka vipande vipande. Sindano ya gramafoni ikipita hapo, inang'oa wimbo wenyewe.

Kwa hivyo usiipige, usiioshe. Isimamishe wima, mahali pakavu penye baridi, si chini ya mabati ya moto. Piga picha lebo, kisha waulize watu wa Kenya National Archives pale Moi Avenue.

Na serikali za kaunti, Kitui na Makueni: kabla stoo ya misheni, shule au ofisi ya zamani haijafagiliwa, tumeni mtu mwenye tochi. Kwenye boksi lililoandikwa "takataka" huenda kuna shosho wa mtu anaimba kilumi, na hakuna mahali pengine anaimba.