Foto ya familia nzima: historia ya lenzi pana, kutoka Brussels 1958 hadi Mususa

Kuna mama mmoja aliyekimbia vita vya upande wa Beni, ambaye leo anapanga chumba hapa kwetu katika mtaa wa Mususa, mjini Butembo. Siku ya kukimbia alifunga foto moja ndani ya kitenge. Nyingine zote ziliungua pamoja na nyumba. Foto hiyo ilipigwa studio, miaka ya 90. Baba ameketi, mama amesimama, watoto wawili wako mbele. Pembeni kabisa unaonekana mkono wa mtoto wa tatu na kipande cha shati lake, basi.

«Mwanangu, huyu wa mkono ndiye aliyekwenda shambani asirudi,» aliniambia. «Mpiga foto alitaka kurudi nyuma, ukuta ukamzuia.»

Baba yangu mdogo aliniachia kamera ya zamani ya filimu, Zenit ya Warusi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafutia lenzi pana, ile ambayo wapiga foto wetu wanaiita objektifu ya kuona mbali kwa upana. Katika kutafuta nimekuta historia inayotugusa sisi Wakongomani.

Kwanza tuelewe kazi yake. Kamera nyingi za filimu ziliuzwa na lenzi ya milimita 50 au karibu na hapo. Kamera ikiwa imelala, na wewe umesimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi hiyo inachukua upana wa mita 2 na kidogo. Hapo wanaenea watu wanne waliobanana. Lenzi ya milimita 37 inachukua karibu mita 3, na ile ya 28 inakaribia mita 4. Namba ikipungua, upana unaongezeka. Katika studio nyembamba kama zetu, tofauti hiyo ndiyo iliyomwacha mtoto yule nje.

Je, mbona wapiga foto hawakutumia lenzi pana tangu zamani? Katika kamera kama Zenit, nyuma ya lenzi kuna kioo kinachopanda na kushuka kila unapopiga. Lenzi pana ya kawaida inataka kukaa karibu sana na filimu, na kioo kingeigonga. Mwaka wa 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi ya milimita 35 iliyopangwa vioo vyake kwa namna nyingine, ili ikae mbali na filimu na bado ione kwa upana. Wajerumani wa Mashariki, kiwanda cha Zeiss cha Jena, walitoa ya kwao iitwayo Flektogon. Warusi nao wakatengeneza Mir-1, ya milimita 37. Kwa Kirusi, neno «mir» lina maana mbili: amani, na pia dunia.

Mir-1 ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels, yaliyofunguliwa tarehe 17 Aprili 1958 na kufungwa tarehe 19 Oktoba. Ilipata zawadi ya juu. Ndiyo maana lenzi nyingi za aina hiyo zimechongwa mbele maneno «Grand Prix Brussels 1958».

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea mahali hapohapo. Ubelgiji ulijenga sehemu ya kuonyesha koloni lake, na ndani yake kijiji cha maonyesho. Wakongomani, wanaume kwa wanawake, walikaa wakifanya kazi za mikono nyuma ya uzio wa mianzi, wageni wakiwatazama na kuwapiga foto. Wengine waliwarushia ndizi na pesa. Ndugu zetu walikasirika, na kufikia mwezi wa saba walikuwa wamerudi nyumbani bila kungoja maonyesho yafungwe. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru.

Lakini miaka hiyohiyo, mjini Léopoldville, Jean Depara alikuwa akipiga foto za wenzake kwa kamera aliyoinunua mwaka wa 1950, alipooa: vijana wa baa, wanamuziki, wapenzi waliovaa wakapendeza. Watu wale walijipanga wenyewe, wakasimama walivyotaka.

Kwa hiyo, unapochagua lenzi ya zamani, angalia haya. Milimita 28 ni pana zaidi, lakini anayesimama pembeni huvutwa, kichwa na bega vikanenepa. Hata simu zetu zina kasoro hiyo, kwa kuwa lenzi zao ni pana namna hiyo. Kwa foto ya familia mimi nimechagua 37 au 35: watu wanaenea, na nyuso zinabaki za wenyewe. Kisha pima mdomo wa kamera. Zenit za kwanza ni milimita 39, za baadaye ni 42, na lenzi ya 39 haikai kwenye 42 bila pete ya kuongezea. Mulika ndani kwa tochi: ukiona nyuzi kama za buibui, ni ukungu ulioingia kwenye vioo, iache. Zungusha pete ya kitundu uone kama bamba za ndani zinafunguka na kufunga bila kukwama na bila mafuta. Mkwaruzo mdogo wa mbele usikutishe sana.

Na asiye na kamera? Simu inatosha. Rudi nyuma kadiri ukuta unavyoruhusu, waweke watoto katikati, wakubwa pembeni, na usipige kabla ya kuhesabu vichwa. Halafu toa nakala kwenye karatasi, angalau mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Simu huibiwa njiani, na betri huisha siku unapoihitaji.

Lenzi nimeipata, ya pili kwa mkono, yenye maandishi yale ya Brussels. Jumapili baada ya ibada nitaipeleka kwa yule mama. Ana wajukuu saba. Ameniomba niwahesabu kwa sauti kabla ya kupiga, na foto ile ya zamani ataishika mkononi.