Kanga husomwa ikiwa mwilini

Mwanamke wa Pangani au wa Ngamiani, Tanga, akijifunga kanga, anayelisoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni yule anayemfuata nyuma. Wengi wetu tukiijadili kanga tunakimbilia jina, pindo na mji tukiviacha kama mapambo, na hapo ndipo tunapoikosea. Kanga ni picha iliyopangwa kwa ajili ya mwili. Itandaze mezani uone: pindo pana limezunguka pande zote nne, mji uko kati, na jina limeshuka chini, karibu na pindo la upande mrefu, kana kwamba mchoraji alikosa vipimo. Ikishafungwa, pindo la upande mfupi linateremka wima mbele ya mvaaji, lile refu linamzunguka miguuni, na jina linatua pale macho ya watu yanapopita.

Historia inaunga mkono hoja hii. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga leso sita kuwa nguo moja, kabla wafanyabiashara hawajaagiza nguo nzima iliyochapwa. Mrima wa kaskazini, yaani pwani hii ya Tanga, ulio kati ya Unguja na Mombasa, ulipokea mitindo ya pande zote mbili. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni miongoni mwa mitindo ya zamani kabisa na hadi leo ni nguo ya harusi; nacho cha asili hakikuwa na jina. Mpangilio ulikuwa umekwisha kamilika, ndipo maandishi yakatafutiwa nafasi ndani yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini.

Atakayepinga atasema kanga hizo zilichapwa ng'ambo, India, Japani, Uingereza, hata Helmond huko Uholanzi, basi sanaa ni ya wageni. Mashine zilikuwa zao, ni kweli. Lakini mtindo ambao wanawake wa pwani hawakuutaka ulibaki dukani, na mwenye duka aliagiza kile alichojua kitatoka. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", alijenga jina lake kwa kuwasikiliza wateja hao.

Pingamizi zito zaidi ni kanga za ukumbusho, kama ile ya Barack Obama ya mwaka 2008, ambazo sura ya mtu ndiyo huchukua mji. Hizo kweli zimepangwa kama bango: ukizifunga, uso unakunjika na kupotea ubavuni, ndiyo maana zinapendeza zaidi zikiwa zimeshikwa juu mkutanoni. Hata hivyo mchapaji hakuthubutu kuliondoa pindo, wala kuziuza ila kwa doti, upande mmoja wa kujifunga na mwingine wa kujitanda. Angeliondoa, mnunuzi wa Tanga angeiita kitambaa chenye picha.