Kulala bila baridi kwenye hema au nyumba ya turubai: mambo unayopaswa kujua

Waliotoka sehemu za chini za Rutshuru wakavuka mpaka Bunagana na kulala usiku wa kwanza katika kituo cha Nyakabande, wilayani Kisoro, Uganda, wanaijua baridi hii. Kisoro ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Kigeme, kusini mwa Rwanda, nayo ipo milimani. Hata Nakivale na Nyarugusu, ambako mchana jua linaunguza, usiku wa Juni na Julai unaweza kukuamsha ukitetemeka, kwa sababu anga likiwa wazi bila mawingu joto la mchana linaondoka haraka.

Watu wengi wakisikia baridi hufanya mambo mawili: wanaongeza nguo juu yao, au wanaingiza jiko la mkaa ndani. La kwanza halitoshi. La pili linaua. Makala hii inaeleza baridi inaingia wapi, unawezaje kuizuia kwa vitu ulivyo navyo, na ufanye nini mtu akizidiwa.

Kwa nini nasikia baridi ingawa nimejifunika?

Kwa sababu baridi kubwa inatoka chini. Ardhi ina ubaridi, na mwili wako unapoigusa, joto linahamia kwenye udongo usiku kucha. Blanketi halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako. Kazi ya blanketi ni kushika hewa ndani ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisitoke. Ukililalia, uzito wako unalibana, hewa inatoka, na blanketi hilo halikusaidii sana upande wa chini.

Kwa hiyo unahitaji kuweka chini kitu kinachoshika hewa bila kubanwa kwa urahisi. Kama una mablanketi mawili na huna godoro wala majani, weka moja chini, ulikunje mara mbili au tatu, na jifunike lingine.

Jinsi ya kutandika chini

Panga hivi, kuanzia chini kwenda juu:

1. Kipande cha turubai au mifuko ya plastiki iliyopasuliwa. Hii inazuia unyevu wa udongo usipande.
2. Majani makavu: nyasi, maganda ya mahindi au majani makavu ya migomba. Weka mengi, angalau kimo cha shubiri moja, kwa sababu yatashuka ukiyalalia.
3. Makatoni yaliyofunguliwa, au magunia matupu, ili majani yasitawanyike.
4. Mkeka, kisha blanketi.

Ukipata magunia mawili ya mahindi au mchele, yajaze majani makavu na uyashone mdomo. Hilo ni godoro. Kila baada ya siku chache litoe nje lipigwe na jua, na majani yakianza kunuka au kulowa, yabadilishe. Majani yenye unyevu yanaleta baridi, ukungu na wadudu.

Kabla ya kukata nyasi, uliza. Sehemu nyingi zinazoonekana kama pori ni malisho au shamba la mwenyeji. Zungumza na mwenye shamba au kiongozi wa eneo lako. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji unaanzia kwenye nyasi na kuni, na mara nyingi mwenyeji ukimwomba maganda ya mahindi baada ya mavuno atakupa.

Nina kitanda cha kamba, au nalala kwenye machela. Je, baridi ya chini hainipati?

Inakupata kwa njia nyingine. Kitanda cha miti na kamba, au machela iliyofungwa kati ya nguzo mbili, vinakuondoa kwenye udongo, maji ya mvua na wadudu. Lakini hewa baridi inapita chini yako usiku wote na kuchukua joto la mgongo. Wengine wanashangaa kwamba wanasikia baridi zaidi kitandani kuliko sakafuni.

Suluhisho ni lile lile: kinga mgongo. Kwenye kitanda cha kamba, tandika makatoni na gunia la majani kabla ya mkeka. Kwenye machela ni bora zaidi kufunga blanketi kwa nje, chini ya machela, likiwa limeigusa tu bila kubanwa na mwili wako. Likining'inia hivyo, linabaki na hewa yake na linakukinga. Pia ziba upande upepo unakotoka kwa turubai au mkeka uliosimamishwa.

Jinsi ya kutayarisha hema au nyumba yako

- Mlango usielekee upande upepo unakotoka sana.
- Chimba mfereji kuzunguka nyumba na uelekeze maji mbali, lakini yasiende kwa jirani. Sakafu ikilowa mara moja, inaweza kukaa na baridi siku nyingi.
- Rundika udongo juu ya ncha za turubai zinazogusa ardhi, ili upepo usipite chini.
- Ndani, tundika pazia la kitenge kikuukuu au magunia yaliyoshonwa, umbali wa kiganja kutoka kwenye turubai. Hewa iliyopo katikati inasaidia kuzuia baridi.
- Acha nafasi ndogo ya hewa juu, karibu na paa. Usizibe kila kitu.

Watu wengi wanaziba tundu hilo la juu, lakini linahitajika. Mkilala watu sita ndani ya hema, pumzi zenu zina maji. Maji hayo yanagusa turubai baridi na kugeuka matone, kisha yanadondoka juu ya mablanketi. Asubuhi mnadhani paa linavuja, kumbe ni pumzi zenu. Blanketi lenye unyevu halitunzi joto vizuri. Lianike kila siku jua linapotoka, na ulirudishe ndani kabla ya jioni.

Kabla ya kulala

- Badilisha nguo. Nguo ulizofanyia kazi zina jasho, hata kama hulioni. Tenga nguo kavu za kulalia tu, pamoja na soksi.
- Funika kichwa kwa kofia au kitambaa. Mtoto mdogo anapoteza joto jingi kupitia kichwa.
- Kula au kunywa kitu cha moto jioni. Uji au chai ya moto inasaidia, na chakula kinaupa mwili nguvu ya kutengeneza joto.
- Usinywe pombe ili upate joto. Inakufanya usikie joto kwenye ngozi wakati mwili wako unapoteza joto la ndani.
- Laleni karibu. Watu wawili chini ya mablanketi mawili wanapata joto kuliko kila mmoja na lake.
- Weka maji ya moto kwenye chupa, ifunge vizuri, izungushie kitambaa na uiweke miguuni. Usitumie maji yanayochemka: chupa nyembamba ya soda inalegea na inaweza kumwagika ikakuunguza. Usiweke chupa hii karibu na mtoto mchanga.
- Chandarua kiendelee kutundikwa. Malaria haiishi kwa sababu ya baridi. Usikitumie kama blanketi wala kuzibia matundu.

Usilale na jiko la mkaa ndani

Liite jiko, sigiri au mbabula: likiwa na makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, linaweza kuua familia nzima kabla ya asubuhi. Makaa yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Watu wanadhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe, halafu wanaingiza jiko. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu hiyo.

Ukiwa macho, unaweza kusikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukiwa umelala, huenda usisikie chochote. Watoto wadogo na wanawake wenye mimba wako hatarini zaidi.

Mkitaka kuota moto, oteni nje au kwenye jiko lenye paa lililo wazi pande zote, kisha ingieni kulala. Makaa yabaki nje, yazimwe kwa maji au yafunikwe kwa udongo. Msidanganyike kwamba mlango ukiachwa wazi kidogo unatosha. Kumbuka pia kwamba turubai linashika moto haraka na kudondosha matone yanayounguza. Mshumaa au koroboi inayoanguka usiku inaweza kumaliza nyumba, na pia za majirani.

Ukikuta watu wamelala ndani na jiko na hawaamki vizuri, fungua mlango na pande za hema, watoe nje mara moja, na uite watu wa kukusaidia. Usikae ndani ukijaribu kuwaamsha. Wapelekwe kituo cha afya hata kama wameanza kuzungumza, na umwambie mhudumu kwamba kulikuwa na makaa ndani. Bila kuambiwa hivyo, anaweza kudhani ni malaria.

Mtoto mchanga

Mtoto aliyezaliwa karibuni hawezi kujipasha joto kama mtu mzima. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kama huna kipimo, gusa tumbo lake na miguu yake kwa mkono wako. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, anaanza kusikia baridi, mwongeze joto. Tumbo nalo likiwa baridi, hiyo ni dharura.

Njia nzuri kuliko zote haihitaji kununua kitu. Mama, mweke mtoto kifuani, ngozi yako igusane na ngozi yake, akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu. Mfunge kwa kitenge, kisha mjifunike blanketi wote wawili, uso wake ukiwa wazi ili apumue. Njia hii ilianza kutumika Bogota, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokosa mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto njiti. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Baba, bibi au dada mkubwa anaweza kumpokea mama apumzike.

Mtoto asiogeshwe katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Mkausheni kwa kitambaa. Mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi asilale na mtoto mchanga.

Nitajuaje kwamba baridi imemzidi mtu?

Mwanzoni mtu anatetemeka. Hali ikizidi, anaacha kutetemeka, anasinzia, anaongea kama mlevi au anachanganyikiwa. Usifikiri amepona kwa sababu ametulia. Mtoto mchanga anaacha kunyonya, analia kwa sauti dhaifu na mwili unalegea.

Fanya hivi:

- Mtoe mahali penye upepo na unyevu, mvue nguo zilizolowa.
- Mfunike kwa vitu vikavu, chini na juu, pamoja na kichwa. Mtu mwingine alale naye chini ya blanketi.
- Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari.
- Usimsugue kwa nguvu mikono na miguu, wala usimweke karibu sana na moto.
- Mpeleke kituo cha afya. Njiani, endelea kumpasha joto.

Nikikosa blanketi au turubai, niende wapi?

Anza na kiongozi wa kijiji, zoni au bloku yako, au dawati la ulinzi na msaada katika kambi. Sema wazi kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mama mwenye mimba, mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu, kwa sababu hao hupewa kipaumbele. Msaada wa wakimbizi hauuzwi. Mtu akikuomba pesa, au kitu kingine chochote, ili akuandikishe kupata blanketi, usimpe, toa taarifa.

Wakati unasubiri, anza na kazi ambayo haihitaji orodha: leo jioni tafuta majani makavu, tandika chini, na uache jiko nje. Kama jirani yako amefika wiki hii, mwonyeshe na yeye, kwa sababu usiku wa kwanza ndio ambao mtu hajui, na ndio anaoingiza makaa ndani.