Picha Kubwa za Mto Waso

Ewaso Nyiro ukifika Gotu hujibana kati ya miamba myeusi, maji yenye rangi ya udongo yakaporomoka kwa kishindo, kisha mto ukaendelea na safari yake mashariki kupitia Merti hadi kwenye kinamasi cha Lorian. Jina lake kwa Kimaa ni mto wa maji ya kahawia. Waborana wanauita Waso tu, na wale waishio kando yake wanajulikana kama Waborana wa Waso. Anayepita hapo akiwa na simu ni nadra kuondoka bila kupiga picha ya maporomoko. Picha hiyo, ikiwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12, inatosha kuchapwa kwenye turubai la upana wa mita moja na kutundikwa ukutani bila kuonekana na ukungu.

Ukuta wa nani? Hilo ndilo swali la miaka mia moja katika sehemu hii ya kaunti ya Isiolo, Kenya. Picha zilizopigwa kando ya mto huu zimejaza vitabu, sinema na kuta za hoteli katika nchi za mbali. Nyingi ziliondoka, chache zilirudi, na za watu wa mto wenyewe ziliporudi zilikuwa ndogo kuliko kiganja.

Tuanze na ukimya. Serikali ya kikoloni iliitenga kaskazini ya Kenya na sehemu nyingine za nchi. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, na nyingine ya 1934, zilimtaka mgeni awe na kibali kabla ya kuingia. Wakati huo Zanzibar ilikwisha kuwa na studio za kina Gomes na Coutinho, Wagoa waliopiga picha za masultani, wafanyabiashara na harusi, na William Young alikuwa amefuatana na reli kutoka Mombasa akipiga picha za ujenzi wake. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kama kaskazini hiyo ilivyoitwa, haikuwa na reli. Kamera zilizoingia huko zilikuja na maofisa, wanajeshi na wasafiri wenye vibali, na waliporudi kwao walirudi na picha zao.

Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini kwa sababu ya vita vya shifta, yaani wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia. Waborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari huko Garba Tulla, Merti na Modogashe. Ngamia na ng'ombe walipotea kwa maelfu. Wazee wanauita wakati huo Gaafa Dhaabaa, siku za kusimamishwa. Sheria za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991 tu. Familia iliyopoteza mifugo yake yote haikuwa na fedha ya studio, na ndiyo sababu picha za nyumbani za miaka ile ni adimu kama mvua ya Januari.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Isiolo ilikuwa ikitoa mojawapo ya picha zilizopendwa zaidi duniani. George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyekaa Isiolo, alimuua simba jike mwaka 1956, kisha yeye na mkewe Joy wakamlea mmoja wa watoto wake, Elsa. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka 1960 kikiwa kimejaa picha za Elsa akicheza, akilala, akipanda juu ya gari. Sinema ikafuata mwaka 1966. Watu wasioweza kuionyesha Isiolo kwenye ramani waliujua uso wa simba wa Isiolo.

Joy alikuwa pia mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa wamevaa mavazi na mapambo yao, kwa hofu kwamba mavazi hayo yangetoweka. Alichora mamia. Nyingi za picha hizo zimo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Ni kazi ya subira na heshima, na aliyewahi kusimama mbele yake hawezi kulikana hilo. Lakini wajukuu wa waliokaa kimya saa nyingi wakichorwa, kama wanataka kuwaona babu zao, sharti wapande basi hadi jiji kuu. Joy mwenyewe aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, jirani ya Gotu, alipokuwa akimfuatilia chui.

Shaba haikuacha kupigwa picha. Mwaka 2001 watengenezaji wa kipindi cha televisheni cha Marekani, Survivor, waliweka kambi yao humo. Mwisho wa mwaka huo huo, katika hifadhi ya Samburu iliyo juu zaidi ya mto, simba jike aliyeitwa Kamunyak, yaani aliyebarikiwa, alimchukua mtoto wa choroa akamlinda badala ya kumla, na akarudia jambo hilo kwa wengine kadhaa. Picha zake zilizunguka dunia nzima.

Sasa tugeukie upande wa pili wa kipimo. Picha ya kwanza ambayo wakazi wengi wa kaskazini waliwahi kupigwa ilikuwa ya kitambulisho. Kipande cha wakoloni, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilitaka alama za vidole tu. Baadaye uso nao ulitakiwa. Mwaka 1989 serikali iliwapitisha Wakenya Wasomali katika ukaguzi maalumu na kuwapa kadi ya pili ya kuthibitisha uraia wao. Tembo wa Samburu alipewa mita nzima ya ukuta. Mchungaji aliyemwona tembo huyo kila siku alipewa sentimita nne, na zikakaa mfukoni ili azitoe askari anapomsimamisha barabarani.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine, na inafaa kukaa huko kidogo, kwa sababu huko ndiko turubai kubwa lilikoanza kuwa mali ya mtu wa kawaida. Kuanzia miaka ya 1940 N. V. Parekh alikuwa na studio Mombasa ambako Waswahili, Wahindi na watu wa bara walikuja wamevaa vizuri kuliko siku yoyote. Lamu, Omar Said Bakor aliyefariki mwaka 1993 alikata na kubandika picha kwa mkono hadi mtu akaonekana ndani ya ua au ndani ya redio, bila kompyuta yoyote. Na mapema miaka ya 1990, wapiga picha wengi wao kutoka bara walijenga vibanda karibu na kivuko cha Likoni. Kila kibanda kilikuwa na pazia lake: kitambaa kikubwa kilichochorwa kwa rangi, chenye meli, ndege, ghorofa ndefu, bahari. Kibarua wa bandarini alisimama mbele ya pazia, akapigwa picha, akaituma kwao. Ghasia za Agosti 1997 zilipozuka Likoni, biashara hiyo ilitikiswa pamoja na maisha yote ya pale.

Pazia lile ndilo babu wa turubai la leo. Tofauti ni kwamba pazia kubwa lilibaki studio na mteja akaondoka na picha ndogo.

Mashine iliyogeuza mpangilio huo haikutengenezwa kwa ajili ya picha za ukutani. Iliitwa IRIS 3047, na wapiga chapa waliitumia kutoa nakala ya majaribio kabla ya kuchapa magazeti na vitabu. Karatasi ilizungushwa juu ya pipa linalokwenda kasi, na matone madogo mno ya wino yakanyunyizwa juu yake. Mwanamuziki Graham Nash, wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alikuwa mpiga picha pia. Alinunua mashine hiyo kwa dola 126,000, na mwaka 1991 yeye na Mac Holbert wakafungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California. Mwenzao Jack Duganne aliona jina la kompyuta halipendezi kwenye kazi ya sanaa, akachukua neno la Kifaransa lenye maana ya kunyunyiza, giclée. Mashine yenyewe ilikabidhiwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 2005.

Kasoro yake kubwa ilikuwa wino. Uling'aa, lakini ulififia baada ya miaka michache tu. Kufikia mwaka 2000 kampuni kama Epson zilikuwa zimeleta wino wa chembechembe za rangi zisizoyeyuka, unaovumilia mwanga kwa muda mrefu zaidi. Hapo turubai la pamba lililopakwa dawa ya kushika wino likawa bidhaa ya kweli: picha inachapwa, inapakwa vanishi, inavutwa juu ya fremu ya mbao na kupigwa pini kwa nyuma. Turubai lina siri moja ambayo kila fundi anaifahamu. Nyuzi zake zinasamehe. Karatasi inayotazamwa kwa karibu inahitaji nukta 300 kwa kila inchi, ilhali turubai linalotazamwa kutoka upande wa pili wa chumba linaridhika na 100 au 150. Ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa Gotu inaweza kukua hadi mita moja.

Binamu yake wa bei nafuu ni plastiki iliyofumwa ndani kwa nyuzi, inayochapwa kwa wino mkali na kutobolewa vitundu vyenye pete za chuma pembeni. Huyu ndiye aliyeenea Kenya nzima, kutoka karakana za River Road, Nairobi, hadi miji ya kaunti, na kazi ya wachoraji wa mabango kwa brashi ikapungua mwaka hadi mwaka. Katiba mpya ilimwongezea soko. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 kila mpiga kura alipewa karatasi sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, na kila mgombea alitaka uso wake uonekane barabarani. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katika muongo huo huo, mabango yalisafiri nayo. Kwa mara ya kwanza uso wa mtu wa kaskazini ulikuwa mkubwa kuliko wa simba, mradi awe mgombea.

Uchaguzi ukipita, plastiki ile haitupwi. Inaezeka kibanda, inafunika mizigo juu ya lori. Kaskazini, ambako wanawake wa Kiborana na wa Kiturkana ndio wajenzi wa nyumba za fito, mikeka na ngozi zimekuwa zikiachia nafasi maturubai kwa miaka mingi, na kitambaa kisichovuja ni kitu cha thamani.

Msanii Mfaransa anayejiita JR alilielewa jambo hilo. Mwaka 2009 alipiga picha za wanawake wa mtaa wa Kibera, Nairobi, akachapa macho na nyuso zao kwenye plastiki isiyopitisha maji na kufunika mapaa yapatayo mita za mraba 2,000. Wenye nyumba walipata picha na pia kinga ya mvua. Katika orodha yote ya picha kubwa zilizochapwa Kenya, hii inastahili kutajwa mbele ya nyingine, kwa kuwa ilibaki kwa wale waliopigwa picha. Nick Brandt, Mwingereza, alifanya kinyume chake kwa nguvu kubwa: katika kitabu chake cha mwaka 2016, Inherit the Dust, picha za wanyama zenye ukubwa wao halisi, nyingine za urefu wa mita tisa hivi, zilisimamishwa kwenye majalala na machimbo ya mawe mahali ambapo wanyama hao walitembea zamani, kisha zikapigwa picha tena. Ni kazi inayouma moyo. Nayo pia ilikwenda kutundikwa mbali.

Kuna dalili kwamba kamera inaanza kushikwa na mikono mingine. Mwezi Januari 2016, katika hesabu iliyoitwa Great Grevy's Rally, mamia ya watu, wakiwemo wakazi wa Isiolo, Samburu na Marsabit, walizunguka na kamera wakipiga ubavu wa kulia wa kila punda milia wa Grevy waliyemwona. Milia ya kila mmoja ni ya pekee, kama alama za vidole kwenye kipande cha zamani. Jibu lilikuwa punda milia 2,350 nchini Kenya. Upande wa Gotu, hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu inawaunganisha Waturkana na Waborana, majirani ambao wamewahi kupigana vikali kwa ajili ya malisho na maji, na inapakana na Shaba ile ile ya Joy Adamson.

Hapa ndipo serikali ya kaunti, shule na wenye hoteli wa Isiolo wanapoombwa jambo moja linalowezekana. Picha za kale za watu wa Waso zilizo katika Makumbusho ya Taifa na katika vitabu vya familia zichapwe upya, kubwa, kwenye turubai la pamba, zitundikwe Isiolo, Merti na Gotu, mahali penye kivuli maana jua la huko halina huruma na wino, na chini ya kila moja liandikwe jina la aliyepigwa, kwa kuwauliza wazee wanaomtambua wakiwa bado hai. Nawe msomaji uliyewahi kusimama kwenye maporomoko ya Gotu ukampiga picha mama aliyekuja kuteka maji, chapa nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili mpelekee.